‘Ukuta wa moto’ na ‘bandari’: Tafsiri zinazotufungia mikutano ya mtandaoni

KAULI inayosikika zaidi katika mikutano ya mtandaoni huku kwetu Meru na Embu si salamu wala ajenda. Ni hii: “Mtandao unasumbua.” Huitoa karani wa ofisi, mwalimu, mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na hata mwanafunzi ambaye kusema kweli yumo kitandani. Kauli hii ilishika kasi baada ya Machi 15, 2020, siku ambayo serikali ilitangaza kufungwa kwa shule na vyuo kwa sababu ya korona, na Idara ya Mahakama nayo ikapunguza shughuli zake. Masomo, kesi, mahojiano ya kazi na vikao vya kamati vikahamia kwenye skrini. Korona ilipungua makali lakini vikao hivyo havikurudi vyote vilikotoka. Hadi leo wapo wananchi wanaotajiwa kesi za ardhi na za urithi kwa njia ya video, na wapo walimu wanaohudhuria warsha bila kuondoka shuleni mwao.

Makala ya leo yanaitazama lugha tunayoitumia vikao hivyo vinapokwama. Dai langu ni kwamba maneno mengi tuliyoyatafsiri harakaharaka kutoka Kiingereza hayamwambii msomaji ni nini kilichofungwa, nani amekifunga, na nani wa kuombwa afungue. Neno likishindwa kusema hayo, lawama zote humwangukia “mtandao”, kiumbe asiye na ofisi, asiye na sahihi na asiyeweza kuandikiwa barua.

Mwaka jana nilitumiwa waraka wa kurasa mbili na taasisi moja iliyokuwa ikiandaa warsha ya walimu wa Kiswahili. Nusu ya walimu wangeketi Embu na nusu Meru. Kwa kuwa kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita zaidi ya 120 za kupanda na kushuka kupitia Chuka, iliamuliwa kumbi mbili ziunganishwe kwa video. Waraka ulielekezwa kwa mafundi wa kompyuta na kwa wakuu wa ofisi ambazo zingetoa kumbi hizo. Niseme wazi kwamba niliufurahia kwanza kwa sababu uliandikwa kwa Kiswahili. Nyaraka za aina hiyo zilizowahi kunifikia zilikuwa za Kiingereza, kana kwamba Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, inayokitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, haihusu mambo ya nyaya na mitambo. Lakini furaha yangu iliishia kwenye sentensi ya tatu, nayo ilikuwa hivi: “Ili kuwezesha kongamano la wavuti, tafadhali fungua bandari zifuatazo katika ukuta wa moto wako na uongeze vikoa vyetu kwenye orodha nyeupe ya wakala.”

Hebu tuifungue sentensi hiyo kipande kwa kipande.

“Kongamano la wavuti” nitalipitia upesi. Kongamano ni mkusanyiko mkubwa, aghalabu wa wasomi au wa viongozi, wenye mada na wawasilishaji. Karani, mwananchi na wakili wanapokutana kwenye skrini kwa dakika kumi ili kesi itajwe, hilo si kongamano. Isitoshe, kihusishi cha a-unganifu kinamfanya msomaji adhani kongamano lenyewe linahusu wavuti, jinsi kongamano la kahawa linavyohusu kahawa. Mkutano wa mtandaoni au kikao cha video kingetosha, na ndivyo watu wanavyosema.

Tuje sasa kwenye “ukuta wa moto”. Neno la Kiingereza firewall halikuanzia katika kompyuta. Lilitokana na ujenzi, pale ambapo nyumba zinazopakana zilitenganishwa kwa ukuta usioshika moto ili nyumba moja ikiungua, ya jirani isalimike. Baadaye likatumika kuhusu bamba linaloitenga injini na chumba cha abiria katika gari au ndege, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia katika taaluma ya kompyuta. Kote huko moto ni adui, na ukuta upo ili kumzuia. Katika Kiswahili, “ukuta wa moto” unasema kinyume chake. Tunaposema ukuta wa mawe, ukuta wa matope au ukuta wa mabati, kile kinachofuata a-unganifu ndicho kilichoujenga ukuta. Kwa hiyo ukuta wa moto ni ukuta uliojengwa kwa moto, ambao mtu akiusogelea ataungua.

Mwenzangu mmoja, mwalimu wa sarufi na mtu wa kupenda mabishano, alinipinga. “Mbona tunasema dawa ya mbu?” akaniuliza. “Dawa hiyo si ya kuwatibu mbu.” Hoja yake ni nzuri na inastahili kujibiwa. Ni kweli kwamba a-unganifu inaweza kubeba maana ya kupinga au kukinga, kama katika dawa ya mbu, dawa ya kikohozi na chandarua cha mbu. Lakini katika mifano hiyo yote nomino ya kwanza ndiyo inayobeba wazo la kupambana. Dawa huwa dhidi ya kitu, na chandarua hutungikwa kwa sababu ya kitu. Ukuta hauna shabaha hiyo peke yake. Ukuta unaweza kuzuia, kubeba paa, au kupambwa tu kwa picha ya harusi. Kwa sababu hiyo akili ya msikilizaji hukimbilia maana iliyo karibu zaidi, yaani malighafi. Kiswahili kina njia iliyonyooka ya kuunda neno la aina hii, ya kuunganisha kitenzi na nomino, kama ilivyo katika zimamoto. Aliyeutaka moto kwa lazima angesema kingamoto na hakuna ambaye angetatizika.

Kuna dosari nyingine katika maneno “ukuta wa moto wako”. Kimilikishi “wako” kinamilikisha nini? Ukuta ni wako, na moto pia ni wako, maana nomino zote mbili huchukua kiambishi kilekile hapo. Mkuu wa ofisi anayeusoma waraka ule ana haki ya kuuliza kama anaambiwa afungue bandari katika ukuta wake, au katika ukuta wa moto aliouwasha mwenyewe.

Na bandari zenyewe ni zipi? Mkenya akisikia bandari huiwazia Mombasa, Lamu, au Kisumu kwenye ziwa. Mkulima wa Runyenjes akiambiwa afungue “bandari 443” atashangaa nchi yetu ilizijenga lini zote hizo. Mtafsiri alilikuta neno la Kiingereza port, akafungua kamusi na kuchukua maana ya kwanza. Lakini Kiingereza kina maneno mawili yaliyofanana sura. Moja linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya bandari, na jingine linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya lango. Tundu la kuchomekea waya kwenye kompyuta, na hata ile nambari inayotumiwa na programu kupokelea na kutumia ujumbe, zinatoka upande wa lango. Kwa maneno mengine, neno mlango halingekuwa urahisishaji wa kitoto kwa ajili ya wasiojua. Ndilo lililo karibu zaidi na asili ya istilahi yenyewe.

Tukilikubali neno mlango, mambo yanayoonekana magumu yanaanza kueleweka. Kila kompyuta iliyounganishwa na nyingine ina milango yenye nambari zinazofika 65,535. Kurasa za kawaida za wavuti hupitia mlango wa 80, na zile zilizofumbwa kwa usalama hupitia mlango wa 443. Ofisi nyingi huiacha milango hiyo miwili wazi na kuifunga mingine. Mikutano ya video hutaka zaidi ya hiyo. Mfumo wa BigBlueButton, unaotumiwa sana na vyuo kwa sababu ni programu huria, huhitaji mlango wa 80 na wa 443, pamoja na milango ya UDP kuanzia 16384 hadi 32768 kwa ajili ya sauti na picha. Microsoft Teams hutumia milango ya UDP ya 3478 hadi 3481. Zoom nayo hutumia, miongoni mwa mingine, ile ya 8801 hadi 8810.

UDP ni nini? Hapa ndipo waraka ule ulipoorodhesha herufi na kuondoka zake. Ningekuwa mimi ningemweleza msomaji wa Meru kwa kitu anachokiona kila siku. Kuna itifaki mbili kuu za kusafirishia ujumbe. Ya kwanza, TCP, ni kama kifurushi kinachotumwa kwa kutiwa sahihi: mpokeaji asipothibitisha kwamba kimefika, hutumwa kingine mpaka kifike. Ya pili, UDP, ni kama pikapu za miraa zinazotoka Maua kwa kasi ile tunayoijua sote. Hazina muda wa kurudia safari. Miraa ikichelewa imenyauka, na iliyonyauka hainunuliwi, kwa hiyo linalofaa ni kuacha ile iliyochelewa na kupeleka inayofuata. Sauti ya mtu anayezungumza ni bidhaa ya aina hiyo. Silabi iliyochelewa sekunde tatu haina mnunuzi. Ndiyo maana mikutano ya video hupendelea UDP, na ndiyo maana ofisi inayoruhusu TCP peke yake huwapa watu mkutano unaokwamakwama, au huwanyima sauti kabisa.

Wa Embu nao wanaijua habari ya vizuizi. Mei 2024, kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku mugukaa, kama wengine wanavyoiita, au muguka kama wanavyoiita wakulima wa Mbeere wenyewe, kila mtu alijua marufuku imetolewa na nani, wapi, na kwa amri gani. Kwa kuwa walijua, walikwenda katika Mahakama Kuu ya Embu na amri ile ikasimamishwa kwa muda. Hakuna aliyesema “barabara inasumbua”.

Nimeutaja mfano huo kwa sababu ya jambo nililolishuhudia kabla ya warsha yetu. Shangazi yangu, mkulima wa chai na mtu wa maneno machache, alikuwa na kesi ya urithi wa shamba. Siku hiyo kesi ilikuwa isikilizwe kwa video, naye hana simu ya skrini kubwa, basi tukaombewa chumba katika ofisi moja ya umma yenye intaneti ya kasi. Tuliingia mapema. Majina ya washiriki yakajipanga pembeni mwa skrini, ujumbe wa maandishi ukawa unaingia, lakini hakuna sauti wala sura iliyofika. Karani akatikisa waya, akazima na kuwasha. “Mtandao unasumbua, mama,” akasema. “Ni hizi kampuni za simu.” Fundi kijana alipigiwa simu, ikawekwa kwenye spika ili sote tusikie: “Hapo ni fayawo bana. UDP imeblokiwa. Inapita proksi tu.” Karani, kwa nia njema kabisa, akamgeukia shangazi na kumtafsiria: “Anasema kuna ukuta wa moto.”

“Moto?” shangazi akauliza. “Na mbona hatukimbii?”

Tulicheka, lakini saa ya kesi ilipita. Ikaahirishwa kwa miezi mitatu. Katika daftari la chumba, karani aliandika sababu kwa ufupi: tatizo la mtandao. Wakati tukisubiri, niliwasha intaneti ya bando kwenye simu yangu ndogo, nikajaribu kuingia katika mkutano mwingine wa majaribio, na sauti ikaja safi. Simu ya bando la shilingi 50 ilikuwa imeishinda ofisi yenye nyaya za kasi, kwa sababu njiani mwake hapakuwa na mtu wa kuizuia. Basi nilimweleza shangazi hivi: “Mlangoni pa ofisi hii kuna bawabu. Amepewa orodha ya wanaoruhusiwa kupita. Barua anazipitisha, lakini sauti haimo katika orodha yake.” Akafikiri kidogo. “Bawabu kazi yake ni kutii,” akasema. “Aliyemwandika kazi ni nani? Huyo ndiye aambiwe.”

Swali hilo ndilo ambalo “ukuta wa moto” hauwezi kulizaa. Ukuta haupokei amri. Ukuta hauna orodha. Mtu akiambiwa kuna ukuta hutafuta njia ya kuuzunguka au hurudi nyumbani. Akiambiwa kuna bawabu hutafuta mwajiri. Ndiyo maana napendekeza kwamba katika maandishi yanayowalenga wananchi na wakuu wa ofisi, chombo hiki tukiite bawabu, au bawabu wa mtandao pale panapohitajika ufafanuzi. Neno lipo katika kamusi zetu tangu zamani, limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mtu anayelinda mlango na kuamua nani aingie, nani atoke. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya chombo, neno kwa neno. Hata lile pendekezo jingine ninalolisikia, ngome, halitoshi, kwa kuwa ngome husifiwa kwa kutopitika. Bawabu husifiwa kwa kuchagua.

Najua nitakayoambiwa. Kwanza, kwamba bawabu ni mtu, na chombo si mtu, sasa upatanisho wa kisarufi utakuwaje? Kiswahili kilishalijibu swali hilo kwenye kifaru. Mnyama huyo akiwa mbugani, kifaru ameuawa na majangili. Akiwa wa jeshi, kifaru kimelipuliwa. Nomino ni moja na upatanisho unafuata kinachorejelewa. Anayetaka kusema “bawabu imefunga mlango” sitamkatalia. Mimi nitaendelea kusema “amefunga”, kwa sababu nataka msomaji akumbuke kwamba nyuma ya chombo yuko aliyekipa amri.

Pili, nitaambiwa kwamba mafundi wamezoea fayawoli na proksi. Waendelee. Sina ugomvi na fundi anayezungumza na fundi mwenzake, jinsi nisivyo na ugomvi na makanika wa Makutano anayesema gaskiti na klachi. Neno lililokopwa na kutoholewa vizuri ni Kiswahili halali, na mara nyingi ni bora kuliko tafsiri inayopotosha. Fayawoli angalau haidanganyi. Asiyeijua huuliza maana yake, ilhali anayesoma “ukuta wa moto” hudhani ameshaelewa, kumbe sivyo. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyetuachia neno runinga, alikuwa na tabia ya kukitazama kitu kinafanya nini, kisha kutafuta ndani ya lahaja na ushairi neno linaloibeba kazi hiyo. Si kila neno alilolipendekeza lilishika. Lakini njia yake ilikuwa tofauti kabisa na hii ya kulichukua neno la Kiingereza, kulikata mapande mawili na kutafsiri kila pande peke yake.

Limebaki neno “wakala”, ambalo mtafsiri wetu alilitumia kwa proksi. Hili si baya kama mengine. Proksi ni kompyuta inayosimama kati ya watu wa ofisi na dunia ya nje. Mtu akiomba ukurasa, proksi huuomba kwa niaba yake, na mwenye ukurasa huiona proksi peke yake bila kumjua aliyemtuma. Wakala hufanya hivyo, kweli. Tatizo ni kwamba wakala huku kwetu ameshaajiriwa kwingi: yuko wa chama cha siasa anayelinda kura kituoni, yuko wa bima, yuko wa kuuza viwanja. “Orodha nyeupe ya wakala” ikawa kitendawili maradufu. (Orodha nyeupe, kwa hakika, ni karatasi ambayo haijaandikwa kitu. Kilichokusudiwa ni orodha ya wanaoruhusiwa.)

Mimi hupenda kuieleza proksi kwa mfano wa mshenga. Mshenga huenda kwa wazazi wa binti kwa niaba ya kijana, hubeba maneno, huleta majibu, na upande wa pili huenda wasimwone kijana kwa muda mrefu. Utaratibu huo ni mzuri kwa posa. Sasa mtake kijana na binti waimbe wimbo mmoja kwa pamoja, kila neno lipitie kwa mshenga kwanza, uone litakalotokea. Proksi za kawaida zilitengenezwa kwa ajili ya kurasa, si kwa mazungumzo ya papo kwa papo. Hazibebi UDP. Baadhi hukata mawasiliano yanayokaa wazi kwa muda mrefu, na mkutano wa saa mbili ni mawasiliano ya aina hiyo. Nyingine hudai nywila ambayo programu ya mkutano haijui kuitoa. Zipo pia zilizowekwa ili kuifungua barua iliyofumbwa, kuisoma na kuifumba tena, na hapo mshenga amevuka mpaka wa ushenga. Ofisi inayofanya hivyo kwenye kikao chenye siri za watu ina maswali ya kujibu mbele ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Suluhisho la kawaida ni mikutano hiyo iruhusiwe kupita moja kwa moja kwenda kwenye anwani inayojulikana, bila kupitia kwa mshenga. Mahali ambapo UDP haiwezi kuruhusiwa kabisa, mwenye huduma anaweza kuweka kituo cha kupokezana sauti kupitia mlango wa 443. Sauti itafika, ingawa haitakuwa safi vile.

Sitaki nieleweke kwamba bawabu afukuzwe. Julai 2023 Wakenya waliona jukwaa la eCitizen likilemewa na mashambulizi, huduma za serikali zikakwama kwa siku kadhaa. Mkuu wa ofisi anayeogopa kufungua milango ana sababu ya kuogopa. Ukihesabu kuanzia 16384 hadi 32768 utapata milango 16,385, na waraka wetu ulimwambia aifungue yote bila kumwambia kwa nani. Nisingefungua hata mimi. Ambacho waraka ulipaswa kusema, na lugha yake haikuruhusu kusema, ni kwamba milango hiyo hufunguliwa kwa kuelekea nje tu, tena kuelekea kwenye seva moja yenye anwani moja. Hilo ni tofauti sana na kuacha lango la boma wazi usiku.

Turudi kwa “mtandao”. Neno hili limetokana na kutanda, na ni miongoni mwa maneno yetu mazuri ya kisasa. Limezidiwa na kazi tu. Mtandao ni intaneti, ni wavuti, ni kampuni ya simu, ni waya wa ofisi, ni mawimbi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu, wa Chuka, au wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru anasoma katika chuo kilichounganishwa kupitia KENET, shirika la mtandao wa elimu lililoanzishwa 1999. Mwenzake yuko kijijini Tharaka akipanda juu ya jiwe kutafuta mawimbi. Wote wawili wakikosa sauti husema neno lilelile. Wa kijijini anahitaji mlingoti. Aliye ofisini au chuoni huenda anahitaji sahihi ya mtu mmoja aliye ghorofa ya pili. Tukiwachanganya katika sentensi moja, wa kwanza haonekani shida yake ni kubwa kiasi gani, na wa pili hupewa udhuru asioustahili.

Kwa hiyo ningewaomba makarani na waandishi wa kumbukumbu za vikao wagawanye sentensi hiyo. Kama hakuna mawimbi, iandikwe: hapakuwa na mawimbi. Kama intaneti ipo lakini ni hafifu, iandikwe hivyo. Na kama kikao kinakubali kwa bando la simu lakini kinakataa kwa intaneti ya ofisi, basi iandikwe: bawabu wa mtandao wa ofisi hakuruhusu sauti kupita, aliyejulishwa ni fulani, saa fulani. Ibara ya 50 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kesi yake kusikilizwa kwa haki. Ukisoma daftari lenye “tatizo la mtandao” kila ukurasa, huwezi kujua ni nani aliyeichelewesha haki hiyo.

Waraka wa warsha niliuomba niuandike upya, nao waandaaji hawakusita. Sehemu iliyohusika ikawa hivi: “Tunaomba bawabu wa mtandao wenu aruhusu kompyuta za ukumbini ziwasiliane na seva yetu, ambayo anwani yake imeandikwa hapa chini. Mawasiliano yaanzie kwenu kuja kwetu tu. Milango inayohitajika ni wa 80 na wa 443 kwa TCP, na 16384 hadi 32768 kwa UDP, ambayo ndiyo hubeba sauti na picha. Tafadhali mawasiliano haya yasipitie kwenye proksi. Anayeweza kuidhinisha ombi hili ofisini mwenu ni nani, na tumpigie simu lini?”

Ofisi ya Embu ilijibu siku hiyohiyo. Ya Meru ilichukua siku mbili, kisha mkuu wake, ambaye si fundi na hajawahi kujidai kuwa fundi, akanipigia akiwa na maswali mawili. Alitaka kujua kama mlango wa 443 si tayari uko wazi, na kama ile mingine ingeweza kufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, warsha ikiisha.